Sungura wa Barazani

Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu msimu ulipokuwa ukingoni, miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili. Tawi la mkarafuu halina huruma. Hulidhania zima, kumbe limeshaoza ndani. Alivunjika mguu wa kulia, chini ya goti. Fundi wa mifupa akamfunga banzi za mianzi na kumwambia asiukanyage mpaka atakapokuja kumfungua mwenyewe. Basi mtu aliyekuwa harudi nyumbani ila kwa kula na kulala, sasa akawa kutwa yuko juu ya kitanda cha kamba, barazani kwetu Pujini, anatazama njia.

Nilikuwa na umri wa miaka minane, na nilimwogopa. Si kwamba alikuwa akinipiga. Hakuwa na mazungumzo na watoto, basi. Maumivu yalimzidishia ukimya, na akifungua kinywa ni kugomba: uji wa moto, kuku wana kelele, nani kaondoa kata mtungini.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, alikuja rafiki yake kumtazama, Baniani mmoja mwenye duka la nguo Chake Chake. Alikuja kwa baiskeli, nyuma amefunga kikapu kwa kamba. Akaegesha baiskeli, akakitua kikapu barazani taratibu kama mtu aliyebeba mayai.

"Ndugu yangu," akasema, "nimekuletea mtu wa kukaa naye."

Ndani mlikuwa na sungura mweupe, sikio moja la kahawia, pua inamchezacheza. Yule bwana akaeleza kuwa mkewe na watoto wamesafiri kwenda Bara Hindi kumuuguza bibi yao. Sungura walikuwa wa watoto, nao walikuwa wawili, lakini mmoja alichukuliwa na ngawa, yule mnyama wa usiku mwizi wa kuku, wiki iliyopita. Na yeye yuko dukani toka asubuhi mpaka jioni, hana wa kumlinda huyu aliyebaki.

"Huku kwenu majani tele. Ila nakuomba neno moja, msimchinje. Wanangu wamemlea kama ndugu yao."

"Hachinjwi," baba akajibu.

Mama alikuwa jikoni, kasikia yote. Mgeni alipokwisha kuondoka alitoka na mwiko mkononi. "Nyumba ina mgonjwa mmoja. Sasa tumeongezewa na bubu?"

Baba aliniita mimi. "Weye, njoo kuno. Toka leo huyu ni kazi yako. Miye ntakwambia, weye utafanya."

Ndivyo tulivyoanza. Kizimba tulikitengeneza kwa sanduku la chai, tukaliinua juu ya miguu minne na kulizibia mbele kwa fito. Baba alifunga kamba hapo hapo kitandani, mimi nikamshikia. Aliagiza kiwekwe karibu na kichwa chake, ngawa akija amsikie. Chini tulitandika makumbi makavu ya nazi, na maji tukayatia katika kifuu cha nazi, ambacho sungura alikipindua mara tatu siku ya kwanza mpaka baba akakifunga kwenye fito.

Chakula chake kilitupa taabu mwanzoni. Nilidhani mnyama wa majani hula majani yoyote. Nilimpelekea ya mwembe, akayanusa na kunigeuzia mgongo. Ya muhogo baba aliyakataza. Ukoka aliula kidogo kidogo, kwa adabu. Lakini siku niliyomletea majani ya viazi vitamu, alisimama kwa miguu ya nyuma na kuyavuta mkononi mwangu, jani linaingia kinywani kama uzi unaoingia katika cherehani. Baba akacheka. Nilishituka, sikuwahi kumsikia akicheka mchana.

Yule Baniani alikuwa ametuonya kuwa majani mabichi yenye umande humvimbisha tumbo. Kila asubuhi, basi, nilirudi kondeni na furushi, nikalitandaza barazani juu ya jamvi, tukangoja likauke. Tukingoja, baba hunifundisha. Hili kishonanguo, mpe. Hili lina utomvu, tupa. Alinieleza mti gani aliupanda marehemu babu, na kwa nini mkarafuu haupendi kukaa kwenye maji. Sijui kama alikuwa akizungumza na mimi au na sungura. Sikujali. Nilikaa.

Hata mama alianza kulegea alipoona mavi ya sungura yameufanya mchicha wake uote majani mapana. "Bubu ana faida," akasema, na jioni ile akamtupia maganda ya ndizi mbivu bila kuombwa.

Wiki ya tatu au ya nne, asubuhi, nilikwenda kizimbani nikamkuta sungura anajinyonyoa. Anayang'oa manyoya ya kifua kwa meno, kishungi kwa kishungi, ngozi inaonekana chini nyekundu. Majani ya viazi ya jana hajayagusa. Nilipiga ukelele uliomtoa mama jikoni.

Mama alimtazama, akatikisa kichwa. "Huyu anakufa. Bwana, mchinje basi kabla hajawa mzoga. Supu yake itakufaa mfupa."

"Nshaweka ahadi."

"Ahadi uliiweka kwa mnyama mzima, si kwa mnyama wa kufa."

Neno lile lilikuwa na haki yake, na baba alilijua. Akasema, "Nipe kisu."

Mama akampa. Mimi nikaambiwa nimtoe sungura nimpakatishe baba. Nilimtoa nikilia mpaka sioni mbele. Baba aliweka kiganja juu ya ule upara wa kifuani, akakiacha hapo muda mrefu, macho yake yako mbali. Kisha kisu akakisukumia chini ya mto.

"Nenda kamwite bibi mkunga, amshike tumbo," akaniambia.

Mama alishika kiuno. "Mkunga wa sungura?"

"Kwani weye unamjua mwengine?"

Nilikimbia. Bibi mkunga alikuwa kikongwe mfupi, mnene, aliyenipokea hata mimi nilipozaliwa. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Alivaa buibui lake, tukafuatana, njia nzima akiniuliza: anakunywa? Amelala ubavu? Toka lini? Alipofika aliosha mikono kama anavyoosha kwa mzazi yeyote, akampapasa sungura tumbo kwa vidole viwili, huku amefumba macho.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu mja mzito, na siku zake zimefika. Haya manyoya anawatandikia wanawe. Mrudisheni ndani, na mumwache peke yake."

"La ilaha illallah," baba akasema. "Nami nimeshika kisu!"

Akajifunika uso kwa ncha ya kikoi. Nilidhani anacheka, maana mabega yalimtikisika. Alipojifunua, macho yake yalikuwa mekundu, na mama aliinamisha kichwa akaingia ndani.

Walizaliwa alfajiri ya pili yake. Baba aliniita kwa sauti ya kunong'ona, nikaona lile rundo la manyoya linapumua. Walikuwa sita, wamefumba macho, hawana unywele. Tukaingiwa na hofu nyingine, kwa sababu kutwa mama yao hakuwakaribia. Alikaa pembeni na kutafuna. Nilisema amewatupa. Baba akaniambia tungoje. Kesho yake, alipokuwa amekaa kitandani kwa sala ya alfajiri, alimwona akiwapandia na kuwanyonyesha, muda mfupi tu, kisha akawafunika tena na kuondoka. Alinisimulia jambo hilo kutwa nzima, na fundi wa mifupa alipokuja alimsimulia na yeye kabla hajauonyesha mguu.

Mmoja alikufa. Watano walikua, wakajaa baraza. Banzi zilipofunguliwa, mguu wa baba ulikuwa mwembamba na mfupi kidogo kuliko mwenzake, na kupanda mikarafuu hakupanda tena. Wachumaji walipanda, yeye akabaki chini akielekeza. Lakini akina baba wengine walipopita na kumkuta anachagua majani juu ya jamvi, hakuona haya.

Kitoto cha kwanza kilichoacha kunyonya, baba alisema ni cha bibi mkunga. Nilikuwa nikikipenda kuliko wote, nikalia, lakini sikubisha. Tulikipeleka pamoja, mimi nimekipakata ndani ya kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kwenda mbali na nyumba toka avunjike mguu. Fimbo yake ya kutembelea aliiacha mlangoni, akaweka mkono begani kwangu, mzito, na tukaenda polepole kwa njia ya migombani, akinipa habari za kila mti.