Mgomba Tuliouzika Badala ya Shem

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyopanda treni Nakuru kurudi Molo nikiwa na shina la mgomba nimelifunga kwa blanketi. Askari wa stesheni alinigusa kwa rungu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikamjibu, "Ni kaka yangu." Akanitazama, akalitazama blanketi, akaona nimerukwa na akili, akaniacha nipite. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa nimemwambia ukweli.

Kabla sijaendelea, ujue anayekuandikia barua hii ni nani, maana siku hizi kila mtu ni mshauri. Shule niliishia darasa la pili, na hata hilo sikulimaliza vizuri. Lakini uliza Molo, uliza Kuresoi, panda mpaka Mau Narok. Viazi vikishuka kwenda mjini, vinashuka kwa malori yangu. Nilianza na mgongo wangu huu, nikibeba magunia ya watu wengine, na leo nyumba yangu ni ya mawe, na mengine niliyachonga kwa mkono wangu. Sijisifu. Haya basi, najisifu kidogo, nimestahili. Nataka tu ujue kwamba hata mtu kama mimi kuna mahali alifika na pesa zake akakuta amechelewa.

Wakati huo tulikuwa tunaishi kwenye shamba la mzungu, upande wa juu wa Molo, mahali ambapo baridi inakuingia kwenye meno. Baba alikuja kutoka Maragoli kutafuta kazi na hakurudi. Laini yetu, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, ilikuwa na watu wa kila kabila: sisi, Wakikuyu, Wakipsigis, Wajaluo wachache. Tulichuma maua ya pareto pamoja na kuteka maji kwenye bomba moja. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Njuguna, Mkikuyu, mchungaji wa kondoo wa mzungu. Mama alipougua baada ya kumzaa kaka yangu Shem, maziwa yalikauka, na mke wa Njuguna, Mama Wanjiru, alimnyonyesha Shem pamoja na mwanawe Muchiri. Kwa hiyo Shem alikua akijua ana mama wawili, na Baba alikuwa akisema wazi kwamba mtoto huyu ana baba wawili.

Shem alipokuwa kijana aliandikwa jeshini. Wakampeleka Malaya, ng'ambo ya bahari, kupigana na watu waliojificha msituni wakitaka Mwingereza aondoke katika nchi yao. Wengi wetu hatukujua Malaya iko wapi. Tulijua tu kwamba Shem alikuwa anapenda viatu, na jeshi lilikuwa na viatu.

Sasa sikiliza namna vita vya mbali vinavyoingia nyumbani. Mwaka huohuo hali ya hatari ilitangazwa hapa kwetu. Vijana wa Kikuyu walikuwa wameanza kuingia msituni, wao pia wakitaka mzungu aondoke. Asubuhi moja Muchiri hakuonekana kwenye kazi. Hakuna aliyeuliza alikoenda. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Kisha mzungu wetu akaja na gari mpaka kwenye kibanda cha kukaushia pareto, akamwita Baba, akavua kofia. Alisema Shem ameuawa Malaya na amezikwa hukohuko. Akavaa kofia, akaondoka.

Kwetu, mwanangu, mtu akifa mbali na mwili usirudi, haachwi hivihivi. Tunatafuta shina la mgomba, tunalivika nguo, tunalilaza kaburini kama mtu, na tunalilia. Bila hivyo, marehemu hajafika nyumbani. Mama alizima moto wa jiko lake akasema hatauwasha wala hatakula chochote kilichopikwa mpaka mwanawe alazwe. Na Mama nilimjua. Akisema, amesema.

Molo haina ndizi, baridi haiziruhusu. Ndiyo sababu nilishuka Nakuru, nikazunguka mtaa wa Bondeni mpaka nikaona migomba nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mwislamu. Nikabisha hodi.

"Unataka ndizi au unataka mgomba?" akaniuliza.

"Mgomba, mama. Wa kumzika kaka yangu. Amefia vitani."

Hakuuliza vita gani. Aliuliza, "Jina lake nani?" Nikamwambia. Akachukua panga akaukata mwenyewe, polepole, akautandikia majani yake ndani ya blanketi langu. "Mpeleke Shem kwao," akasema. Njia nzima nilikuwa nikifikiri kwamba watu wote watakuwa kama yule mama.

Kwetu vilevile watu wa nyumba yenye msiba hawachimbi kaburi. Baba hachimbi, ndugu hachimbi. Majirani ndio huchimba. Nilipofika laini na mgomba begani, nilikuta majirani wamegawanyika.

Upande mmoja ulikuwa wa Zakaria, dereva wa trekta. Zakaria alikuwa amepigana Burma katika vita vikubwa, akarudi na koti na kikohozi. Mzungu wetu alipigana vita hivyohivyo, yeye akarudi akapewa shamba tulilokuwa tunalima. Uchungu huo haukumtoka Zakaria hata siku moja. Aliuona mgomba wangu akacheka. "Haya, Shem amerudi akiwa mboga. Mimi sichimbi. Huyu alikufa akiwawinda watu wanaodai nchi yao. Akifika huko chini aulizwe."

Upande wa pili ulikuwa wa nyapara, aliyependa kusimama karibu na gari la mzungu. Yeye alisema, "Shem ni askari wa Serikali. Tutachimba, tena vizuri. Lakini Njuguna na watu wake wasionekane pale. Hao ni ndugu wa wale waliomuua."

"Waliomuua wako Malaya," Baba akasema.

"Msitu ni msitu, mzee."

Baba akasema, "Siwezi kumzika mtoto huku nimemfukuza baba yake mwingine."

Basi hawakuchimba hawa wala wale. Bomba likawa na zamu mbili za maji, kila upande na zamu yake. Watoto walikatazwa kucheza pamoja. Wanawake waliokuwa wakisukana nywele walipita wakitazama miguu yao. Na haya yote, mwanangu, kwa ajili ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu angeweza kuonyesha iko upande gani. Mgomba ulilala ndani kwetu, ukaanza kulegea na kutoa maji. Mama alikaa kando yake akishika blanketi. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mimi nilikuwa na damu ya moto, na sikupenda kushindwa hata wakati huo. Asubuhi nilichukua jembe nikaenda chini ya mti wa mwerezi, mahali Baba alipokuwa ameonyesha, nikainua mikono. Kabla sijalipiga chini, mtu akalishika mpini kwa nyuma.

Alikuwa Mzee Njuguna. Amevaa blanketi lake la kuchungia, na sepetu mkononi.

"Weka chini," akaniambia. "Ndugu hachimbi. Hata mila za kwenu nikufundishe mimi?"

"Wamekataa, mzee."

"Wamekataa wao. Mimi umeniuliza?"

Kweli, sikuwa nimemwuliza. Nilikuwa nimeogopa kumwuliza, kwa sababu ya Muchiri.

Akatema mate mikononi, akaanza. "Kwetu sisi Wakikuyu hatupendi kushika maiti," akasema akitupa udongo. "Bahati nzuri Shem ameamua kuwa mgomba." Akacheka peke yake kidogo, kisha akajipangusa macho, na haikuwa jasho, maana asubuhi ile kulikuwa na barafu kwenye nyasi.

Watu walianza kutoka nyumba zao, wakasimama mbali. Zakaria alikuja karibu kuliko wengine.

"Mzee Njuguna," akasema, "unajua huyu kijana alikuwa akifanya kazi gani huko? Alikuwa akiwinda watu kama mwanao."

Njuguna hakuacha kuchimba. "Najua. Na mwanangu naye, akikutana na askari kama Shem, najua atafanya nini. Waliowatuma wote wawili hawapo hapa. Mama Shem yupo, na hajala. Ngoja nimalize, Zakaria, halafu tutagombana mimi na wewe mpaka utosheke."

Zakaria alisimama. Shimo lilipomfika mzee kiunoni, pumzi zilianza kumshinda, sepetu ikawa inapanda nusu na kurudi. Zakaria akavua lile koti lake la Burma, akaliweka kwenye nyasi, akaingia shimoni. Wengine watatu wanne wakafuata. Si wote. Nyapara alibaki mbali na watu wake, akitazama nani ameingia.

Tulimlaza Shem mchana. Mama Wanjiru ndiye aliyemfunika, na Mama akamwachia. Walilia kwa lugha mbili, kila mmoja yake, wakimwita jina moja. Jioni nikaona moshi ukitoka jikoni kwetu.

Natamani niishie hapo. Nyapara alikwenda kwa mzungu akasema Njuguna amekusanya watu bila ruhusa. Haukupita muda, lori la polisi likaja mchana kuchukua Wakikuyu wote wa shamba, wazee, wanawake, watoto, kuwarudisha kulikoitwa kwao. Wengine husema lori lingekuja tu, kwa maana mashamba yote ya Rift Valley yalikuwa yanafanyiwa hivyo. Huenda. Lakini nilimwona nyapara akimwonyesha askari kwa kidole nyumba ya kuanzia.

Njuguna alikuwa amezaliwa kwenye shamba lile. Huko kwao walikokuwa wanampeleka hakuwa amewahi kukuona. Mama alikimbia na sufuria ya viazi moto, akaipitisha juu ya ubavu wa lori, Mama Wanjiru akaipokea. Baba alishika mkono wa Njuguna. Mimi nilimgeukia nyapara nikaapa mbele ya watu kwamba nitampasua kichwa.

Njuguna aliniita kutoka juu ya lori. "Wewe kijana. Vita viwili havikutoshi, unataka kuanzisha vya tatu, tena kwa jina langu? Nenda kaburini uweke mawe, nguruwe wa porini wasifukue." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Lori likaondoka. Baba alilifuata kwa miguu mpaka kwenye lango, na tangu siku hiyo hakuwahi kukaa tena nje ya nyumba jioni kupiga hadithi.

Miaka ilipita, Uhuru ukaja, nikapata lori langu la kwanza. Nililijaza viazi nikaenda Murang'a, walikopelekwa, nikauliza soko kwa soko. Nilitaka kumleta mzee yule, nimpe ng'ombe, nimjengee. Ningeweza. Nilimkuta Mama Wanjiru peke yake, macho yameshaharibika. Aliniambia walifungiwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, njaa ikaingia, ugonjwa ukaingia. Njuguna alikufa wakati ambao walio hai hawakuwa na nguvu ya kuinua jembe. Waliwaweka wengi pamoja. Hajui wapi. Muchiri hakutoka msituni.

"Kaburi la Shem lipo?" akaniuliza.

"Lipo, mama. Kile kipande cha shamba nilikinunua. Nimelizungushia waya."

Akatikisa kichwa. "Basi mmoja amelala vizuri."

Mwanangu, nina pesa za kununua jeneza zuri kuliko yote ya Nakuru, na mtu aliyetuchimbia sisi sina pa kumlaza. Ndiyo sababu nakuandikia.

Vita vya ng'ambo havitaisha. Redio itavileta mpaka mezani kwako, na watu watakutaka useme uko upande gani kabla hujanywa chai. Sema ukitaka, una akili zako. Lakini jirani akifiwa, usiulize marehemu alikufa akimpigania nani. Nenda. Ukikuta watu wamesimama mbali, usisimame nao kungoja aanze mwingine. Na ukiwa wewe ndiye mwenye msiba, usimfukuze kwa sababu ya mwanawe mtu aliyekuja kulia nawe. Ugomvi wenu utawangoja, mtaukuta palepale. Mama mwenye njaa hawezi kungoja.

Mungu akuweke uzeeke kwenye ardhi inayokujua jina. Akikupeleka mbali, akurudishe mzima. Na isipokuwa hivyo, akupe jirani mmoja tu asiyeogopa watu, atakayechukua sepetu asubuhi na mapema, aje akuchimbie.