Swali la simu ya Wambura

Kabla sijafa niseme ukweli: tangu leo mchana namwogopa mwanangu Wambura.

Anataka nikauguzwe kwake Bunda. Dada yake, Nyamisi, anataka nibaki hapa kwangu Bweri.

Walipochoka kubishana, kila mmoja akaiachia programu ya akili bandia kwenye simu yake imsemee. Simu zikawekwa mezani, zikajadiliana kwa sauti. (Ndiyo, simu. Mgonjwa mwenyewe nimekaa nasikiliza.)

Dawa. Choo. Nani ataniogesha. Sawa.

Kisha simu ya Wambura ikauliza, "Kiwanja cha Bweri kina kaburi?"

Ya Nyamisi ikajibu, "Hilo linahusianaje na kumuuguza mzee?"

"Linahusiana. Akifia hapo atazikwa hapo. Kiwanja chenye kaburi hakina mnunuzi."



"Baba, hizi zinakoseaga," Wambura akasema.

"Haijakosea," nikamwambia. "Imeulizwa sababu, ikaitoa. Nani aliiambia habari za mnunuzi?"

Akaichukua simu yake mezani, akaizima.

Siendi Bunda. Jioni Nyamisi alinishika mkono, nikamwonyesha mahali pa kuchimba: mbele kabisa, karibu na geti, ambapo mnunuzi yeyote ataliona kaburi kabla ya nyumba.

Ninyi mngeenda Bunda?