Bladi ya Nellie Entwistle

"Sikutoa sauti hata kidogo!" Nellie alibwaga sufuria ya viazi jikoni. "Nyumba hii hata midomo yangu si yangu?"

"Nimeisoma," alisema baba mkwe wake, mzee Enoch, kutoka kwenye kiti ambako miguu iliyovimba ilimfunga. "Umeapa kwa damu ya Mwokozi, tena kanisani, tena mchungaji akiomba."

Neno lenyewe lilikuwa bladi, tusi la Waingereza linalotamkwa sawa na 'yenye damu'. Na kweli alilisema, kwa midomo mitupu, akimwambia shoga yake Sal Duckworth aliyekaa upande wa pili: bladi mzee hataki niende baharini. Wanawake wa viwanda vya pamba wote walizungumza hivyo, kwa kusomana midomo, maana mashine za kufuma zilinguruma hata mtu asijisikie mwenyewe. Umbea wote wa Lancashire, jimbo la pamba la Uingereza, ulipita hewani bila sauti. Alichosahau Nellie ni kwamba Enoch alikuwa mfumaji kabla yeye hajazaliwa, na nusu ya kanisa walikuwa wafumaji. Sala ikiendelea, mabenchi yakashikwa na kikohozi.

Nellie aliingia kiwandani akiwa bado msichana, akaolewa na Harold, mwana pekee wa Enoch, akahamia kwa mkwe. Vita ikaja. Pale stesheni Harold alimwambia, "Nitunzie baba mpaka nirudi." Hakurudi, na ahadi ikabaki haina mwisho. Nyumba ilikuwa ya mzee. Nellie akitoka, hana pa kulaza ubavu. Mchana mashine, jioni beseni la kuoshea miguu ya mkwe.

Pumzi ilikuwa wiki moja tu ya kiangazi, viwanda vikifungwa na mji mzima ukipanda treni kwenda Blackpool, mji wa ufukweni. Tangu awe mjane Nellie hajaipanda. Safari hii Sal alimwekea kitanda, na jirani alikubali kumwangalia mzee. Sasa mzee akaweka sharti: asimame mbele ya kanisa aombe radhi, la sivyo huyo jirani akikanyaga mlangoni atakutana na bakora.

"Radhi ya damu gani?" Nellie aliuliza. "Mama yangu alikuwa Mkatoliki. Alituambia watu walikuwa wakiapa 'bai awa ledi', yaani kwa Bibi Maria, neno likachakaa vinywani likawa bladi."

"Kiapo cha Kikatoliki? Basi hilo ndilo baya zaidi!"

Jumamosi Sal aligonga dirisha, sanduku mkononi. "We mwanamke, omba radhi ukaoge baharini! Ulimi wako una mfupa?"

"Siombi. Sijuti, nitaombaje?"

Treni ikapiga king'ora. Mji ukanyamaza, mabomba ya viwanda hayakutoa moshi, hata muuza samaki alifunga. Wakabaki Nellie na mzee, saa ya ukutani na harufu ya kabichi.

Jumanne mchungaji, kijana bado, akaja kunywa chai. Enoch hakungoja hata amalize kuketi. "Mwambie huyu. Bladi ni damu ya Bwana, au siyo?"

Mchungaji alikuna sikio. "Mzee wangu, wapo wasemao hivyo. Wapo wasemao Bibi Maria. Wengine husema zamani vijana wa kitajiri waliitwa damu, kwa kuringia ukoo, na ulevi wao ndio ulioleta usemi huo. Ukweli, hakuna ajuaye."

"Hakuna?"

"Hata wenye vitabu wanagombana."

Mgeni alipoondoka, chai ya mzee ilikuwa imepoa bila kuguswa. "Harold alilisema akiwa mdogo," alisema, akitazama mahali pa moto. "Alikanyaga msumari. Nikamsugua ulimi kwa sabuni ya kufulia mpaka akatapika. Nilikuwa na hakika, Nellie."

Nellie alikaa. Miaka yote ya ndoa Harold alinawa uso kwa maji matupu, bila sabuni, na alipoulizwa sababu alicheka tu.

"Ile radhi," mzee aliendelea, "sitakudai tena. Si kanisani, si hapa. Mwite jirani, uende kesho."

"Kitanda Sal ameshampa mwingine."

"Basi mwakani."

"Mwakani, baba. Ukiwa hai."

"Nitakuwa hai," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa zawadi.

Nellie alivuta beseni. "Haya, asante kwa kunisamehe. Inua miguu, maji yanapoa."