Ndovu wa Askari Kipketer

Nilizaliwa Dundori, kwenye shamba la Mzungu, na siku niliyozaliwa sikuitwa.

Nimweleze asiye wa kwetu. Kwa watu wa baba yangu, mtoto akizaliwa, wanawake wazima humzunguka wakataja marehemu wa ukoo, jina baada ya jina, huku wakimpitishia ugoro kidogo puani. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Mimi sikuitwa kwa sababu baba alikuwa na jina moja tu la kutoa, la baba yake, na jina moja si ukoo. Mama yangu, Wangeci, akanipa jina la mama yake, Wanjugu. Baba akaniongezea Jeruto. Mambo yakaishia hapo, lakini baba hakulisahau.

Baba aliitwa Kimaiyo, mkubwa wa wakamuaji wa lile shamba. Alikuwa mrefu, mpole wa mikono, mtu wa kunawa kabla ya kumgusa ng'ombe na kunawa tena baadaye. Kulikuwa na ng'ombe waliokataa kushusha maziwa mpaka wasikie mluzi wake. Siku akiwa mgonjwa, Mzungu mwenyewe alikuja mlangoni kumwomba angalau aje apige mluzi.

Baba yake, yaani babu yangu Kipketer, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wale wa kwanza kabisa, walioandikwa kabla ya vita vya Mjerumani. Alifia huko kusini, kwa kuhara, si kwa risasi. Mkewe alikufa Nakuru katika ule ugonjwa wa mafua uliofuata vita, baba akiwa bado anatambaa. Aliyemwokota ni Micah, askari mwenzake Kipketer, akamlea nyuma ya soko la Nakuru kati ya askari wastaafu waliotoka kila pembe. Kwa hiyo baba alikua na Kiswahili cha kambini. Lugha ya baba yake aliijua ya kuombea maji tu. Kikuyu alikipata kwa mama, akakijua hata cha kutania.

Hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, malori yalianza kupanda Dundori kuwachukua Wakikuyu wa mashambani na kuwarudisha rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali, wengine rizavu wasiyoijua hata kwa ndoto. Viazi vilibaki vinaoza shambani. Ilipofika zamu ya laini yetu ya nyumba za wafanyakazi, wachunguzi walimsikia baba akizungumza na mama, wakatazamana. Walisema huyu ni Mkikuyu aliyejificha chini ya jina la watu. Mzungu alimtetea kidogo, kwa sababu ya ng'ombe. Wakakubaliana hivi: alete mtu wa ukoo wake asimame mbele ya afisa amtambue. Akitambuliwa, yeye na mkewe na watoto watabaki. Asipotambuliwa, mama na sisi tutapanda lori, naye atapelekwa kizuizini kwa kudanganya serikali.

Mama alikuwa mjamzito. Baba akanichukua mimi, msichana wa kuvunja ungo, nimemaliza darasa la nne na ninajiona mwanamke. Aliniambia, "Wakiwa na shaka na uso wangu, wautazame wako."

Tulianza kwa Mzee Micah. Macho yalikuwa yameshamwacha, lakini mdomo ulikuwa hai. Baba alimuuliza kama Kipketer aliwahi kutaja kwao. Mzee akasema askari hawakutajiana makwao, walitajiana chakula. Halafu akacheka peke yake. Alikumbuka kwamba huko kusini njaa iliwahi kuwabana hadi wakala ngozi za mikoba, ndipo ndovu mmoja akatokea, na afisa wao akamwamuru Kipketer ampige, maana ndiye aliyekuwa na shabaha. Kipketer akaweka bunduki chini. Akasema huyo ni ndugu yake. Alichapwa kiboko mbele ya kikosi, na mwingine akampiga yule ndovu.

"Na wewe ulikula?" baba akamuuliza.

"Nilikula fungu langu, nikala na lake," Micah akasema. "Mwanangu, usinitazame hivyo. Najua unanitazama."

Kwa watu wa baba kila ukoo una mnyama wake, ambaye ni ndugu na hauawi. Basi tukajua cha kutafuta: ukoo wa ndovu. Micah alikumbuka pia kwamba Kipketer, homa ikimshika, alisema habari za mizinga ya nyuki iliyoning'inia kwenye genge, ng'ambo ya mji wa Ravine. Tukaenda huko, lori hapa, miguu pale, baba akiuliza kwa lugha yake ya kuombea maji, watoto wakimcheka. Mwishowe tukaonyeshwa boma la mzee Kemboi.

Mzee huyo alimsikiliza baba mpaka mwisho bila kumkatiza. Aliposikia habari ya ndovu na kiboko, alikwenda nje, akakaa huko muda. Aliporudi alisema Kipketer alikuwa mwana wa baba yake mdogo, na kwamba walimlilia bila kujua walie wakielekea upande gani. Akampa baba maziwa ya kibuyu kwa mkono wake mwenyewe. Baba yangu, mtu mzima yule, alinawa kwanza ndipo akayapokea.

Mke wake, Chepchirchir, alinishika kichwa akakigeuza kama anayechagua boga. "Kisogo hiki nakijua," akasema. "Kibaya, lakini chetu."

Tulipokuwa tunasaga wimbi, alinifundisha majina ya marehemu wa ukoo. Kiplangat, baba yake Kipketer. Kipkemei, aliyemlea Kiplangat. Na wengine nyuma yao, na wanawake pia. Nikikosea, alinirudisha mwanzo. Aliniambia kwamba haya ni mali ya wanawake, wanaume hupewa tu ng'ombe. Akanionya jambo moja: mtoto akiitwa, aliye hai hatajwi. Ukimtaja aliye hai, unamfungulia kaburi.

Nilimuuliza kwa nini Kiplangat alilelewa na Kipkemei badala ya kuzaliwa naye. Alinipiga kofi la mgongo, si la kuumiza. Akasema wakati wa njaa moja kubwa, miaka mingi kabla ya reli, watoto waliokotwa njiani. Mtoto aliyeokotwa hunyolewa, hupewa maziwa, na ukoo wote huapa kwamba hakuna atakayesema alikotoka. Anayesema, hasemi uongo wala ukweli. Anaua mtoto wa ukoo. "Na wewe umeshauliza," akasema, "kwa hiyo usiulize tena."

Mzee Kemboi alishuka nasi Nakuru, amejifunga blanketi lake safi. Uwanja wa uchunguzi ulizungushiwa waya. Mama na wadogo zangu walikuwa tayari wamekaa upande wa malori, na mizigo yao. Afisa aliuliza kupitia mkalimani, na mzee akajibu vizuri: huyu ni Kimaiyo, wa Kipketer, wa Kiplangat, wa ukoo wa ndovu. Afisa alikuwa karibu kufunga kalamu yake. Mkalimani, kijana wa kujipendekeza, akamnong'oneza kitu. Afisa akauliza swali jingine.

"Huyo Kiplangat alizaliwa na nani?"

"Ni wetu," mzee akasema.

"Sikuuliza ni wa nani. Nimeuliza nani alimzaa."

"Ni wetu."

Baba alimtazama mzee. Neno moja tu, jina la Kipkemei, lingetosha. Lakini kusema Kipkemei alimzaa ni uongo, na mzee alikuwa ameapishwa mbele ya afisa aseme kweli. Na kusema hakumzaa ni kumuua Kiplangat, na Kipketer, na baba, na mimi niliyesimama pale. Jasho lilimtiririka mzee hadi kidevuni.

"Mzee, nitauliza mara ya mwisho."

"Ni wetu."

Kwa wale wenye kalamu, kukwepa swali ni kukiri. Baba alifungwa pingu pale pale. Mzee Kemboi alimfuata mpaka kwenye waya, akamtemea mate kifuani, mate ya baraka, na askari mmoja akacheka akidhani amemtukana. Baba hakumlaumu. Alinigeukia akaniambia kwa Kiswahili, "Umeyashika majina?" Nikasema nimeyashika.

Tukapitishwa Naivasha ndani ya lori lenye wavu, hadi kijiji cha rizavu kilichozungushiwa handaki, ambako hata ndugu za mama walituona wageni wa kula. Mama alijifungua mtoto wa kiume katika nyumba ya udongo mbichi. Nilimwomba bibi mmoja Mkikuyu ugoro. Hakuniuliza wa nini. Nikamwita mtoto, peke yangu, kwa sauti ya chini: Kipketer. Kiplangat. Kipkemei. Na wote wa nyuma. Mtoto alilala tu. Nikaanza upya.

"Mtaje baba yako," mama akasema.

Nikamwambia baba yuko hai, na aliye hai hatajwi. Mama hakuinua kichwa.

"Jeruto. Mtaje."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikasema: Kimaiyo. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya.

Habari ya serikali kuhusu baba ilikuja baadaye, wakati wa kuvuna maharagwe, ikiletwa na mlinzi wa lango aliyeitamka haraka ili arudi kivulini. Alitukuta tumekwisha kunyoa vichwa vya matanga.