Taa ya Nyanjura na Paka wa Kamunyonge

Mnaotaka kucheka chekeni tu, maana hata mke wangu hajamaliza, ila ukweli ni kwamba paka wa mtaa wetu wa Kamunyonge wote wanaijua suruali yangu ya kanisani, na wa kulaumiwa ni uvivu wangu mwenyewe.

Nyumba ya nne kutoka kwetu anaishi Anti Tamar, Myahudi, anafundisha wakulima wa Bugwema mambo ya umwagiliaji. Siku moja akamsimulia binti yangu Nyanjura (ana miaka tisa na maswali kama polisi) kwamba sikukuu yao ya Hanuka imekaribia, siku nane za kuwasha taa, leo moja, kesho mbili, mpaka zitimie nane, na ya tisa ni ya kuwashia wenzake, lakini taa aliyopewa na mama yake ilivunjika safarini, kwa hiyo mwaka huu basi. Mtoto akarudi kanuna utadhani ameivunja yeye. Wiki mbili nzima akafinyanga udongo, vikombe tisa, kimoja kirefu kuliko vingine, mama yake akamsaidia kuvichoma, akavipanga kwenye kipande cha ubao wa mtumbwi, akasokota tambi za pamba. (Mimi nilikuwepo pia, kwenye kochi, nawapa moyo.)

Siku ya kwanza ikafika. "Baba, nenda dukani ukalete mafuta ya alizeti."

Sasa duka liko ng'ambo tu ya barabara, lakini mimi nikishavua viatu huwaga sivai tena mpaka Jumapili, nikakumbuka chupa ya mafuta ya sangara ambayo mama mkwe alituletea kutoka kisiwani Rukuba, ya kuchulia magoti. Mafuta si mafuta? Nikajaza vikombe vyote mpaka juu, tusije tukaonekana wachoyo.

"Baba, leo zinawaka mbili tu, moja na ya kuwashia. Halafu mbona yananuka?"

"Hiyo ni harufu ya ziwa, mwanangu. Anti atafurahi."

Nikavaa suruali ya kanisani, nikaubeba ubao mwenyewe ili nionekane baba wa maana, na kila hatua mafuta yananimwagikia mapajani. Nyumba ya kwanza akatufuata paka mmoja. Ya pili, wakawa wanne. Ya tatu Mama Magesa alikuwa anakaanga dagaa nje, na paka wake wakawaacha dagaa wakanifuata mimi.

"We Baba Nyanjura!" akapaza sauti. "Kwenu si mlikuwaga mnachunga ng'ombe? Umeshuka mpaka paka?"

Nikajifanya sisikii. Anti Tamar akafungua mlango, akaiona taa, akaziba mdomo kwa mkono, macho yakamjaa machozi. Mezani alikuwa ameweka sahani ya vichapati vya viazi. Kabla sijautua ubao, paka mmoja wa kijivu akanirukia pajani na kucha zake zote, nikaruka, ubao ukaenda zake, na mimi nikakaa. Nilikaa kwenye viazi.

Nyanjura akaangalia vigae vya vikombe vyake sakafuni, kisha akaniangalia mimi.

"Baba," akasema taratibu, "nilikutuma dukani tu."

Bora angenipiga.

Anti Tamar akapiga magoti akaokota. Vilikuwa vimepona viwili, kile kirefu na kimoja kidogo. Akavifuta kwa nguo yake. "Nyanjura, leo tunahitaji vingapi?"

"Viwili."

"Basi mbona vimetimia?"

Akatia mafuta ya jikoni kwake, akaimba kwa lugha yao, Nyanjura akaruhusiwa kushika kile kirefu na kuwashia kile kidogo, na nikaona uso wa mwanangu unarudi mahali pake. Paka walikuwa wamejaa dirishani.

"Na kesho, anti?"

"Kesho utaniletea cha tatu."

Siku saba akafinyanga kikombe kimoja kimoja, na siku saba nilivaa viatu nikavuka barabara kununua mafuta ya alizeti, kipimo kimoja kila siku, maana alinikataza kununua ya wiki nzima. ("Ujifunze kutembea, baba.") Tangu hapo mtoto akinituma naenda, hata kama kiatu ni kimoja. Suruali imefuliwa mara sita, na bado ukipita kwetu ikiwa kambani utaitambua: paka wote wamekaa chini yake.