Mashine Isiyolala ya Tshilombo

Katika avenyu yetu ya Kapata hakuna mtu aliyejua mambo ya courant, yaani umeme, kunishinda mimi. Shule niliiacha darasa la tano, sikatai. Lakini kampuni ya migodi ilinipa kazi ya kusuka upya mota zilizoungua, na mota haimuulizi mtu diploma yake. Nyingine nilizisuka nikiwa nimefumba macho, na wenye kubisha wote wameshakufa. Basi nikisema kwamba jirani yangu Tshilombo hakuharibu kabine yetu ya umeme, naomba aliyenizidi shule anyamaze kidogo.

Tshilombo alikuwa karani wa magazini, ghala la kampuni, Mkasai mrefu aliyepiga pasi hata suruali ya kulimia. Kila asubuhi nilikuwa na deni la kumchokoza.

"Tata Tshilombo, leo unaenda kuoa tena?"

"Minaenda ku mashamba, Tata Kisimba."

"Na ile pasi yote ni ya nani? Ya mihogo?"

"Mihogo iko na heshima. Haiko sawa weye."

Ndivyo tulivyoamkiana. Baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai, zamani zile za Wabelgiji, na Tshilombo mwenyewe alizaliwa hapahapa, nyumba ya tatu kutoka yetu. Mwaka wa tisini na tatu Wakasai wakaambiwa na wakubwa wa mkoa warudi kwao. Kwao ni wapi, mtu aliyezaliwa nyumba ya tatu? Akaenda kulala gare, kituo cha treni, na mkewe Tshibola na mtoto wao Kalonji, pamoja na maelfu ya wengine, wakingoja wagon. Mvua iliwanyeshea, mbu wakawala. Malaria ikamshika Kalonji, na dawa haikuwepo. Walimzika kando ya reli, kisha wagon ikafika.

Vita vilipopita na maneno kupoa, walirudi. Kampuni ilimrudisha magazini, wakapewa nyumba inayotazamana na yangu. Lakini kampuni yenyewe ilikuwa inaanguka. Mashimo yalijaa maji, ofisi zikafungwa moja moja, na wazee wa kazi tukatolewa kwa barua yenye maneno mazuri sana. Siku magazini ilipofungwa kabisa, Tshilombo aliambiwa achukue kitu chochote anachotaka. Wenzake walibeba mabati. Yeye alibeba ordinatere moja nzee, kompyuta ya ofisi yenye rangi kama meno ya mvuta tumbaku.

"Utaila?" nilimuuliza alipokuwa anaifunga nyuma ya baisikeli.

"Itafanya kazi," akasema.

Na kweli ilifanya. Mjini kulikuwa na duka moja la intaneti, na huko Tshilombo alisoma kwamba wataalamu wa shule kubwa za mbali wanatafuta kujua malaria inavyotembea kutoka kijiji hadi kijiji, na mahali vyandarua vikiwekwa itapungua. Hesabu yake ni kubwa mno kwa mashine zao. Kwa hiyo wanaiomba dunia nzima: wewe mwenye ordinatere iliyokaa bure nyumbani, tuazime nguvu zake. Unachukua kipande cha hesabu, mashine inakitafuna mchana na usiku, jibu unawarudishia. Hakuna anayekulipa. Tshilombo aliweka vipande katika kidude kidogo kama kidole, akapanda baisikeli mpaka mjini na kurudi, jua kali au matope. Wanaofanya hivyo hujiunga kwa timu, na yeye alianzisha timu akaiita Kapata. Mchezaji alikuwa mmoja.

"Équipe gani hiyo?" nilimwambia. "Gardien wa goli njo weye, arbitre wa filimbi njo weye, na mupira ukitoka inje weye njo unakimbia kuutafuta."

"Ingia basi, tukuwe babili."

"Mi niko na radio tu. Na yenyewe inajua kuimba, basi."

Akacheka. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, kwa watu wasiojua hata sura yake. Alipangusa vumbi juu ya mashine kwa mkono wa shati.

"Kama muntu mumoja angehesabu mbele," alisema, "angeona bantu banaenda kulala gare wakati ya mvua, na mbu iko pale. Angeleta dawa mbele ya ugonjwa. Hakuna mwenye alihesabu."



Sasa sikieni habari ya courant. Nyumba za kampuni hazikuwa na mita. Maji ya bwawa la Nzilo yalianguka, taa zikawaka, basi. Tangu utoto wetu hakuna aliyezima balbu. Na mwanamke wa kampuni hapiki kwa makala, yaani makaa. Makala ni ya watu wasio na kampuni. Yeye anapikia resho, lile jiko dogo la umeme lenye waya mwekundu ndani ya udongo, na resho haizimwi kuanzia chai mpaka ugali wa jioni. Hata kampuni ilipoanguka, hata sufuria ilipokuwa na maji matupu, resho iliwaka. Mama aliyeonekana na gunia la makala mlangoni alikuwa ametangaza mbele ya watu wote kwamba nyumba yake imekwisha.

Wakati huohuo kila nyumba ilianza kupangisha vyumba, na kila chumba kikaleta resho yake. Kabine, ile nyumba ndogo ya matofali mwanzo wa avenyu yenye mashine ya kutugawia courant, ilijengwa kwa familia moja kila nyumba. Ikaanza kunuka. Niliweka kiganja kwenye mlango wake saa ya kupika nikakiondoa haraka. Kila jioni courant ilianguka, ikarudi, ikaanguka. Kampuni haikuwa tena na mtu wa kutuma.

Watu wakitafuta kosa, hawaanzii kwenye sufuria yao. Mtu mmoja alipita dirishani kwa Tshilombo akasikia mvumo. Kesho yake avenyu nzima ilijua: Mkasai ana mashine isiyolala. Inakula courant yetu. Inapeleka kitu kwa Wazungu. Amerudi kutulipiza kwa giza.

Jumapili baada ya misa shefu wa avenyu, Tata Kalenga, alituita mbele ya nyumba ya Tshilombo. Watu walikuja na viti vyao kabisa.

"Tata Tshilombo," Kalenga alisema, "ile mashini inafanya kazi usiku na muchana. Ni kweli ao ni uongo?"

"Ni kweli."

"Njo hiyo," wakaguna.

"Lakini inakula kidogo," Tshilombo alisema. "Sawa balbu mbili, tatu. Tufanye hivi: siku moja tu, kila nyumba izime resho. Mi nitaacha mashini inawaka. Twende wote tuguse kabine. Kama iko moto, nitatoka mwenyewe, hamutanisukuma."

Lilikuwa neno la haki, nami nikasimama. Niliwaambia nimesuka mota nyingi kuliko nywele za Kalenga, na ninajua kinachopasha waya moto. Wengine walicheka upara wa Kalenga. Kisha mke wangu Mbuyu aliongea kutoka nyuma, bila kusimama.

"Siku hiyo mutakula nini?"

"Tutapika na makala," nikasema. "Siku moja tu."

"Makala ya nani? Bantu bapite hapa banione mi, Mama Mbuyu, na makala pa mulango? Anza kununua weye, ubebe mwenyewe ku kichwa."

Kicheko kilichotoka kilinikalisha kwenye kiti changu. Ninyi mnaosoma msimcheke Mbuyu. Kwetu nyumbani resho zilikuwa mbili, na zote mbili zilikuwa zinawaka saa ileile.

Mama mwingine akasema kwake pia haiwezekani, kuna mgonjwa. Mwingine ana wageni. Ikazunguka hivyo mpaka ikaisha, na haikupatikana nyumba hata moja. Kuzima mashine moja ya mtu mmoja kulikuwa rahisi zaidi.

"Zima, ao toka," Kalenga alisema. Hakusema kwa hasira. "Chagula weye."

Tshilombo aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani angekataa. Nilimjua, shingo yake ilikuwa imeshanyooka. Lakini mkewe Tshibola aliingia ndani. Mvumo ukakatika. Alitoka na waya wa mashine mkononi, umeng'olewa pande zote mbili, akampa Kalenga.

"Shika. Kaa nayo kwako," alisema. "Mi siendi tena ku gare."

Watu wakabeba viti vyao.

Juma lile Tshilombo hakupanda baisikeli. Alikaa mlangoni akitazama barabara. Nilimpitia na maneno yangu ya kila siku, akanijibu "Ndiyo, tata," kwa yote. Mtu akikujibu ndiyo kwa matusi, mwache.

Na kabine? Ijumaa saa ya kupika ililia kama ng'ombe, moshi mweusi ukatoka chini ya mlango, na avenyu yote ikazimika. Nilikimbia kuiangalia. Waya ndani zilikuwa zimeyeyuka zikawa kitu kimoja. Ile haikuwa kazi ya kusuka, hata kwangu mimi.

Niliporudi, watu walikuwa wameshajaa uwanjani kwa Tshilombo. Kalenga alishika waya wa mashine, uleule, aliotoka nao kwake. Aliingia ndani, nami nikaingia nyuma yake. Ordinatere ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha Tshibola. Kalenga alifunua, akaweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda.

"Iko baridi," alisema.

"Sema ku bantu," nilimwambia. "Toka, ubaambie."

Alitoka. "Mashini iko baridi," akawaambia. "Na waya ilikuwa kwangu."

Alinyanyua waya juu, wote wauone. Kisha sauti ya mwanamume, sikuona ya nani: "Waya ingine banauzisha ku soko."

Kalenga alitazama waya, akaugeuza mkononi kama kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuuona. Nilidhani atasema neno la shefu.

"Hata vile," alisema. "Tata Tshilombo, hata vile."

Asubuhi Tshilombo na Tshibola walisaidiwa kufunga mizigo. Hakuna aliyepiga mtu, wala hakuna aliyetukana. Mbuyu mwenyewe alikunja mablanketi, vizuri, pembe kwa pembe, na huku machozi yanamtoka, na akaendelea kukunja. Mashine niliisukuma mimi kwa baisikeli. Gare ilikuwa tupu, majani yameota katikati ya reli. Mlinzi alisema wagon ya Kasai ipo, lakini siku yake haijulikani.

Tshilombo alikalia sanduku. Nilitandika mkeka kwa ajili ya Tshibola, nikaupangusa na kofia yangu.

"Mama, kaa kidogo. Wagon haiko karibu."

"Mara ile tulikaa," alisema.

Alibaki wima, furushi lake kichwani. Jua lilipanda. Nilikaa nao mpaka kivuli cha Tshibola kikaufikia mkeka, nikasimama, nikaondoka, naye hakuwa amelishusha furushi.