Zimwi Lina Mshono

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, na mtu aliyelelewa na fundi wa nguo haisahau. Si harufu nzuri, nisiwadanganye. Ni mafuta, vumbi la kitambaa kipya na chuma kilichopata moto, vyote pamoja. Lakini hata leo nikipita mbele ya mafundi, hata nikiwa na haraka, pua yangu inanirudisha nyuma, na najikuta nimekaa mkekani kule Bwiza, mtaani kwetu Bujumbura, magoti kidevuni, nikimsubiri mama mdogo Hawa afungue kile kitabu kisicho na jalada.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, leo yuko Uvira, kesho yuko Kigoma, kwa hiyo mimi nilikuwa wa mama mdogo. Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele, ndivyo ninavyoukumbuka umri wangu. Mama mdogo alishona gauni na kanzu za nusu ya mtaa, akaongea Kiswahili chetu cha Bwiza kama watu wote, lakini alikuwa amesoma kwa masista hadi sekondari. Huko alipewa zawadi ya kuwa wa kwanza katika Kifaransa: saa ya mezani ambayo haikuwahi kusema saa ya kweli. Aliipangusa vumbi kila Ijumaa, na mgeni asiyeiuliza aliambiwa habari zake hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya vita. Siku nyingine tulikwenda shule, siku nyingine tulisikia milio upande wa milimani na mlango ukafungwa mchana kweupe. Watu wakikutana walitazamana pua kwanza, kubashiri kabila, salamu baadaye. Mimi sikuelewa pua zina kosa gani. Yangu nilijua ilikuwa na mafua tu.

Asubuhi moja jirani yetu wa uani, Mwalimu Leonidasi, alikuja amemshika mkono binti yake Spesi. Mama yake Spesi alifariki zamani kwa ugonjwa, na baba na mwana walikuwa wanaishi wawili tu. Mwalimu alisema maneno machache, "Hawa, nibakishie huyu siku kidogo," kisha akaenda kujificha mtaa wa Buyenzi kwa rafiki yake makanika. Spesi alibaki mlangoni na mfuko wenye gauni moja na kitabu. Alikuwa rika langu, mwembamba, mkimya kama mtu aliyeombwa kulinda usingizi wa mgonjwa. Kitabu alikilalia kichwa.

Mimi sikupenda. Mkeka ulikuwa wangu, mama mdogo alikuwa wangu, na sasa kulikuwa na mtu mwingine anayepewa chapati ya kwanza. Mama mdogo akaliona hilo. Mchana wa milio ya kwanza, Spesi alipojikunyata chini ya meza ya kukatia nguo akakataa kutoka, mama mdogo alichukua kile kitabu, akakifungua juu ya cherehani, akasema, "Haya, njooni tuone baba yake Spesi alikuwa anaficha nini humu."

Kilikuwa kitabu cha hadithi fupi, za Kifaransa, zote za mtu mmoja: mwindaji wa mazimwi. Alikwenda kijiji hadi kijiji, na kila alipofika palikuwa na zimwi linalosumbua watu. Moja lilikaa ndani ya kisima likijibu kwa sauti ya mama yako. Jingine lilikula majina, ukiamka hujui unaitwa nani. Jina la mwindaji lilikuwa gumu, la Kizungu, limejaa herufi zisizotamkwa, basi mama mdogo akambatiza jina lake mwenyewe: Fundi. Hatukujiuliza kwa nini mwindaji aitwe Fundi. Kwetu mtu wa maana angeitwa nani mwingine?

Alisoma kimoyomoyo mstari mmoja, akatutafsiria, akasukuma pedali kidogo, akasoma tena. Hadithi zilitufikia zimechanganyika na mlio wa cherehani, na penye hatari pedali ilikwenda mbio. Siku moja alitaja *loup-garou*, mtu anayegeuka mbwa mwitu, na mimi nikasikia "gare", yaani kituo cha mabasi. Kwa wiki nzima nilikataa kupita kituoni sokoni, kwa sababu nilijua kuna mbwa pale anayegeuka mtu, na makondakta wote niliwashuku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kisa chote kilipofungwa. Kila hadithi iliishia mahali pamoja. Fundi alipambana na zimwi, akalichosha, akalizunguka nyuma, akatafuta mshono. Maana zimwi, alisema mama mdogo, halizaliwi zimwi. Ni mtu aliyevishwa ngozi ya zimwi, na kila kilichovishwa kina mshono. Fundi akiupata, huushika uzi, huvuta, *akalifumua*. Ndani anatoka mtu. Kisimani alitoka msichana aliyekosa maji. Yule wa majina alikuwa mzee ambaye hakuna aliyemwita. Anatoka anapepesa macho, anasema neno moja la kawaida, kama "nina njaa" au "kuna baridi", na kwa neno hilo ndipo watu wanajua kwamba ni mwenzao.

Spesi alitoka chini ya meza katikati ya hadithi ya pili. Alisogea hadi mkekani, akamtazama mama mdogo mdomoni, hakupepesa. Ilipofika pale pa kufumua, alikunja uso kidogo kama aliyeonja chai isiyo na sukari. Kisha akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona meno.

Basi tukaanza kazi. Tulitafuta mshono mtaa mzima. Tulimzunguka mbuzi wa jirani hadi akachoka na sisi. Mzee Ramazani muuza sabuni tulimwomba ainame tumwone shingo, akainama, maskini, akidhani tunataka kumwambia siri. Mwalimu wa chuo nilimchungulia nyuma ya kanzu wakati wa kusoma Kurani, na mkono wangu ulikumbuka fimbo ile mpaka Jumatatu. Mama mdogo alicheka hadi akashika mbavu. "We mutoto," aliniambia, "utafumua mutu asiyetaka siku moja."

Siku yenyewe haikukawia. Mtaani maneno yalianza kupita kwamba kwa Hawa kuna mtoto si wake. Na kutoka Buyenzi ikaja habari: Mwalimu Leonidasi amepata nafasi katika lori la kwenda Uvira, linaondoka Ijumaa baada ya swala, na Spesi awe amefika. Lori halitamngoja mtu. Buyenzi si mbali na Bwiza, ni kuvuka barabara na kutembea kidogo, lakini barabarani palikuwa na kizuizi cha wanajeshi.

Mama mdogo alimvisha Spesi hijabu yangu ya pili ya chuo, akamfundisha kusema anaitwa Mariamu. Yote hayo Spesi aliyakubali bila neno. Alipoambiwa kitabu kibaki, ndipo alipolia. "Mwanangu," mama mdogo alimwambia, "wanapekua mifuko. Mutoto wa chuo anatembea na kitabu cha Kifaransa kwa nini? Kitakungoja. Mi nakwambia kitakungoja." Akakiweka chini ya mguu wa nyuma wa cherehani, ule uliokuwa mfupi, mahali ambapo hakuna mtu angetafuta kitabu.

Kizuizini palikuwa na foleni. Askari aliyekuwa anauliza alikuwa mrefu, macho mekundu, bunduki begani. Aliitazama karangamuntu, kitambulisho cha mama mdogo, akamrudishia, kisha akamtazama Spesi. Alimtazama puani. Alimtazama kwa muda ambao ningeweza kula andazi zima.

"Huyu mutoto ni wa nani?"

"Wangu, afande. Wote wangu."

"Unaitwa nani, we?"

"Mariamu," Spesi alisema, kwa sauti ya kuku aliyelowa.

"Wa chuo? Haya, somea sisi sura moja."

Spesi hakujua sura hata moja. Mkono wa mama mdogo ulinibana hadi vidole vikafa ganzi, kisha ukaniachia, nadhani ili ashike hijabu ya Spesi. Watu wa nyuma walianza kutazama chini. Mimi niliogopa, niliogopa kweli, lakini nilikuwa nimesikia hadithi nyingi na nilijua kinachofanyika katika hali kama hiyo. Nikamzunguka askari nyuma. Nikatafuta. Na wallahi nikauona.

"Mama mdogo!" nikapiga kelele. "Mushono! Nimeona mushono! Huyu anafumuka!"

Askari aligeuka, akainua mkono, akajiangalia kwapani. Shati lake lilikuwa limeachia kutoka kwapa hadi mbavuni, na ndani ilionekana fulana nyekundu yenye matundu. Mwenzake aliyekaa juu ya gunia la mchanga akaangua kicheko.

Mama mdogo hakumpa nafasi ya kukasirika. "Afande, umusamehe, ni mutoto wa fundi, anaona nguo mbele ya mutu. Leta nikushonee. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Na tayari alikuwa amechomoa sindano kwenye pindo la kitenge, mahali inapokaa kila siku, na uzi wake umezungushwa. Askari alisitasita. Mwenzake akasema, "Acha akushonee, bwana, unatupa aibu." Basi akamkabidhi mwenzake bunduki, akainua mkono, akasimama hivyo hivyo, mkono juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Mama mdogo alipoinama na sindano, yule mtu mrefu alifumba macho.

"Mama, polepole," alisema. "Usinichome."

"Sikuchomi, mwanangu. Simama tu."

Alishona, akakata uzi kwa meno, akampigapiga mgongoni kama anavyowafanyia wateja wote. Askari alishusha mkono, akaujaribu, ukaenda vizuri. Hakumtazama Spesi tena. "Endeni," alisema. "Na huyu mwenye domo mumufunze adabu."

Tulitembea. Mama mdogo alitembea haraka bila kugeuka, na mimi nilimfuata nikilia kwa hasira. Ndiyo, hasira. Tulipoingia Buyenzi kwenye uchochoro wa magereji, nilisimama nikakataa kwenda.

"Kwa nini umemushona? Ilikuwa umufumue! Sasa mutu wake hatatoka!"

Mama mdogo aliniangalia. Alianza kucheka, akacheka huku machozi yanamtoka, akachuchumaa akanishika mashavu.

"Ametoka," alisema. "Hukumusikia? Amesema usinichome."

Nilifikiri, nikaona ni kweli. Nikafuta kamasi. Mwalimu Leonidasi alikuwa amesimama kando ya lori, na alipoona hijabu mbili ndogo zinakuja, hakujua akimbilie ipi. Spesi alimwondolea shida hiyo, akakimbia yeye.

Miaka ilipita mingi. Mwalimu alifundisha Uvira, akazeekea huko salama salimini. Mimi nilikua, nikasoma, nikapata Kifaransa changu mwenyewe. Kitabu kiliendelea kukaa chini ya mguu wa cherehani, na mama mdogo hakuruhusu mtu akiguse. "Kina mwenyewe," alisema.

Mwenyewe alikuja mwaka ambao barabara zilikuwa zimetulia. Alipiga simu kwamba anakuja Bujumbura, ana watoto wawili sasa, anataka kumwona shangazi yake, tantine Hawa. Siku ile kabla hajafika, nilikichomoa kitabu ili nikipanguse. Kilikuwa kimebonyea pembeni, kimekula mafuta. Nikakaa mkekani kukisoma, nikitegemea kukutana tena na Fundi wangu.

Sikumkuta. Nilimkuta mwanamume mmoja mwenye shoka. Hadithi ya kisima iliisha kwa shoka. Ya mla majina, shoka. Nilifungua ya tatu, ya nne, hadi ya mwisho, nikitafuta mshono, uzi, mtu anayetoka akipepesa macho. Hapakuwa na mtu. Kila mahali alikata kichwa, akakitia guniani, akaenda zake.

Spesi alipofika, tulikumbatiana, tukapiga kelele, tukanywa chai. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Mama mdogo, hapa imeandikwa alilikata kichwa. We ulituambia alilifumua."

Mama mdogo alikuwa anatia uzi kwenye sindano, miwani puani. Hakuinua kichwa.

"Kifaransa yangu ilikuwa kidogo," alisema.

Juu ya kabati, saa ya masista ilionyesha saa tisa. Ilikuwa saa tano.

Spesi alicheka taratibu. "Tantine, mi nilikuwa najua. Papa alinisomea yote mbele, kabla sijakuja kwenu, vile vile yaliyoandikwa. Kichwa, gunia, yote."

Mama mdogo akaacha sindano. "Na we ulinyamaza?"

"Nilitaka kuona kama utafumua yote."

Mama mdogo alivua miwani, akaifuta na pindo la kitenge, akaifuta zaidi ya ilivyohitaji. Mimi nilimtazama Spesi na nikalikumbuka lile kunjo la uso, na tabasamu lililofuata. Nilikuwa nimedhani muda wote huo kwamba tulikaa mkekani watoto wawili tukisikiliza hadithi moja. Kumbe mama mdogo alisoma kitabu kimoja akatusimulia kingine, ili lile neno "kata", lililojaa njiani wakati ule, lisiingie ndani ya nyumba yake, na Spesi, aliyekuwa amelikimbia neno hilo, ndiye peke yake aliyevisikia vitabu vyote viwili, akachagua kile chenye mshono.